Kinywa kimepasuliwa, mgonjwa amerudi nyumbani: Sasa atakula nini?

Huenda jambo hili likakukuta ukiwa Nairobi kazini, mbali na nyumbani. Simu inapigwa kutoka Muthetheni, kule Mwala katika Kaunti ya Machakos. Unaambiwa mzee ametolewa hospitalini na kidonda kinapona vizuri, lakini chakula hakipiti. Asubuhi alijaribu chai. Nusu kikombe alimeza, nusu nyingine ikamwagikia shati. Mchana akawekewa sahani ya muthokoi. Akaitazama, akaisukuma kando, akaenda kulala. Mama anasema mzee ana hasira siku hizi. Ndugu yako anasema amekata tamaa. Mara nyingi ukweli ni kwamba mzee ana njaa, ila kinywa alichorudi nacho si kile alichoondoka nacho, na hakuna mtu aliyemfundisha kukitumia.

Saratani ya kinywa hushika midomo, ulimi, sakafu iliyo chini ya ulimi, ufizi, upande wa ndani wa shavu na kaakaa. Mwaka wa 2022 watu wapatao 390,000 duniani walipatikana na ugonjwa huu. Visababishi vyake vikuu ni tumbaku ya kila aina, iwe sigara, kiko au ugoro, pamoja na pombe. Na mtu anayetumia vyote viwili hatari yake huongezeka mara nyingi kuliko ya anayetumia kimoja. Kidonda cha mdomoni ambacho hakijapona kwa wiki mbili au tatu, au doa jeupe au jekundu lisilotoka, lapasa kuonwa na daktari au mganga wa meno bila kungoja liume. Hayo tumeyaeleza mara nyingi katika kurasa za afya. Leo tuzungumze juu ya yule ambaye tayari amepasuliwa.

Ulimi hufanya kazi gani?

Watu wengi hufikiri kula ni kazi ya meno. Hebu chukua kipande cha mkate ukitafune polepole, ujichunguze. Utaona kwamba anayefanya kazi kubwa ni ulimi. Ndio unaosukuma chakula kwenye magego, ukakirudisha kikiteleza, ukakusanya chembe zilizotawanyika, ukazifinyanga pamoja na mate kuwa tonge moja, kisha ukalibana tonge hilo kwenye kaakaa na kulisukuma nyuma kooni. Midomo na mashavu huzuia chakula kisitoke. Kaakaa huziba njia ya puani. Tonge likifika kooni, kikoromeo huinuka na njia ya hewa hufungwa kwa muda mfupi sana ili chakula kiingie kwenye umio na si mapafuni. Yote haya hukamilika kabla hujajua umemeza.

Sasa daktari akikata sehemu ya ulimi, mnyororo huo umekatika mahali. Aliyeondolewa kipande cha ulimi hushindwa kusukuma chakula nyuma. Aliyekatwa taya au ufizi hushindwa kutafuna. Aliyetolewa sehemu ya kaakaa atashangaa kuona uji ukimtokea puani. Aliyepasuliwa mdomo au aliyekatika mishipa ya fahamu ya upande mmoja hudondosha mate na chai bila kujua. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari kabla mgonjwa hajatoka wodini ni hili: mmeondoa nini, na kilichobaki kinaweza kufanya nini? Jibu liandike kwenye karatasi. Ushauri wote unaofuata hutegemea jibu hilo.

Mara nyingi pengo huzibwa kwa nyama na ngozi iliyotolewa mkononi, pajani au kifuani. Kiraka hicho hujaza nafasi lakini hakisogei kama ulimi, wala kwa kawaida hakihisi kama ulimi. Chai ya moto inaweza kukiunguza mgonjwa asitambue. Chakula kinaweza kubaki pembeni yake hadi kikaoza. Na wanaume wengine hushtuka kuona nywele zikiota ndani ya kinywa kwa sababu ngozi ilitoka mahali penye nywele. Si ajabu wala si uchawi, mwambie daktari akueleze la kufanya. Chakula cha mgonjwa huyu kiwe cha uvuguvugu, na baada ya kila mlo ajitazame kwa kioo aone kilichobaki.

Siku za mrija

Baada ya upasuaji mkubwa, mgonjwa hulishwa kwa mrija unaopita puani hadi tumboni ili mishono ipumzike. Ikitarajiwa kwamba atakaa muda mrefu bila kumeza vizuri, madaktari huweza kutoboa tundu dogo tumboni na kupitisha mrija hapo. Jamaa wengi huuona mrija wa tumboni kama hukumu ya kifo. Si hivyo. Wako wanaoutumia kwa miezi michache tu wakati wa tiba ya mionzi, kisha ukatolewa. Kuukataa mrija huku mgonjwa akikonda ndiko kunakohatarisha maisha, kwa sababu kidonda hakiponi kwenye mwili usio na lishe.

Akirudi nyumbani na mrija, mambo ni machache lakini hayana mchezo. Anyweshwe akiwa ameketi au kichwa kimeinuliwa vizuri, na abaki hivyo angalau nusu saa baadaye, ikiwezekana saa nzima. Chakula kiteremke chenyewe polepole. Usikisukume kwa nguvu. Kabla na baada ya kila mlo pitisha maji safi, kiasi cha mililita 30, la sivyo mrija utaziba. Uji wetu wa wimbi ndio hasa huziba, kwa kuwa kadiri unavyopoa ndivyo unavyoganda. Uchujwe mara mbili na uwe mwepesi, na mtaalamu wa lishe akupangie vipimo na kiasi cha kila mlo. Chakula kilichopondwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Mwala wakati wa kiangazi mimi ningekimwaga mapema zaidi. Mrija wa puani ukichomoka, usijaribu kuurudisha nyumbani, maana unaweza kuingia mapafuni. Wa tumboni ukichomoka, funika tundu kwa kitambaa safi na mwende hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja asubuhi, kwa sababu tundu huanza kujifunga baada ya saa chache.

Jikoni

Daktari akishatoa ruhusa ya kula kwa kinywa, wengi wetu hufanya kosa moja: tunampa mgonjwa chai, supu na soda kwa kuwa ni laini, tukidhani tumemaliza kazi. Tumbo hujaa maji, mwili hupungua. Mtu wa kilo 60 anayepona huhitaji takriban kalori 1,800 kwa siku, na protini ya gramu 70 hadi 90. Kikombe cha chai ya rangi hakimfikishi popote.

Kwa kuwa hawezi kula kingi, kila kijiko alacho kibebe uzito. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Kitie kwenye uji au kwenye viazi vilivyopondwa na wala hatakitambua. Yai moja lina protini kama gramu 6. Lipigwe na kukorogwa ndani ya uji ungali jikoni mpaka liive kabisa. Siagi ya karanga iliyo laini, isiyo na chembe, iyeyushwe kwenye uji wa moto. Pika uji kwa maziwa badala ya maji. Parachichi lililoiva, likipondwa na maziwa kidogo, ni chakula kamili cha mchana kwa mtu wa namna hii, na bei yake si ya kutisha.

Vipi kuhusu muthokoi na isyo? Hapa nawaonea huruma wazee wa Ukambani, kwa maana chakula walichokulia ndicho kigumu kuliko vyote kwa kinywa kilichopasuliwa. Punje ya mahindi ina ngozi. Maharagwe yana ngozi. Mbaazi nazo hali kadhalika. Tena isyo yenye mchuzi ina mambo mawili kwa wakati mmoja: mchuzi hukimbia kooni kabla punje hazijatafunwa, mgonjwa akapaliwa. Lakini si lazima aishi na hamu yake. Muthokoi ukichemshwa hadi ukalegea kabisa, ukatwangwa kwenye kinu au kusagwa kwa blenda, ukapitishwa kwenye chujio na kulainishwa kwa maziwa au krimu, utabaki na ladha yake. Ndengu huponda vizuri kuliko maharagwe, mradi maganda yabaki kwenye chujio. Boga, nduma, ndizi na viazi mviringo havina taabu. Viazi vitamu chagua visivyo na nyuzi, na maembe vivyo hivyo: lile la apple, ambalo wakulima wa Machakos hulipanda kwa wingi, ni laini, ilhali embe dogo la kienyeji litamwachia nyuzi zimekwama nyuma ya koo. Papai ni rafiki. Machungwa, ndimu, nyanya, pilipili na uji uliochacha huwasha kidonda, viahirishwe.

Ugali mkavu unashinda wengi. Ukipikwa laini, ukachanganywa na mboga inayoteleza kama mrenda, au na mchuzi mzito, hupita. Nyama isagwe mara mbili na kupikwa kwenye mchuzi. Mkate, wali mkavu, biskuti na mayai ya kuchemsha yaliyokauka ni hatari kwa sababu huvunjika chembechembe ambazo ulimi dhaifu hauwezi kuzikusanya.

Milo mitatu mikubwa isahaulike kwa sasa. Sita au saba midogo ndiyo inayofaa, na kila mmoja usizidi nusu saa, maana mgonjwa akichoka ndipo hupaliwa. Kama kuna maumivu, dawa ya maumivu aliyoandikiwa aimeze nusu saa kabla ya kula. Vidonge visipondwe ovyo. Vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole na kuvisaga ni kumpa dozi nzima kwa mara moja. Muulize mfamasia kama kuna vya maji.

Mpime uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani ile ile, hata kama ni ya duka la dawa pale sokoni, na uandike. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi mmoja, hilo si jambo la kusubiri kliniki ijayo.

Kupaliwa

Hapa nakuomba usome polepole. Ndugu na majirani hupenda kutoa ushauri wa namna ya kumeza, na ushauri uliomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine. Mgonjwa ambaye koo lake linachelewa kufunga njia ya hewa huambiwa ainamishe kidevu kifuani anapomeza, na vinywaji vyake viongezwe uzito ili visimtangulie. Lakini yule aliyepungukiwa na ulimi, akiinama tu, chakula humrudia mbele kwenye midomo. Huyo huweza kusaidiwa na kinyume chake: kuinua kichwa kidogo ili chakula kiteremke chenyewe, na vitu vyepesi humfaa kuliko vizito. Hata hivyo, kichwa kikiinuliwa njia ya hewa huwa wazi zaidi, kwa hiyo mbinu hiyo ni ya yule tu ambaye koo lake limepimwa likaonekana linajifunga sawasawa. Aliyekatwa upande mmoja huweka chakula upande ulio mzima na kuelekeza kichwa upande huo. Wapo pia wanaotumia bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, lenye mpira laini mbele, wakapitisha chakula hadi nyuma ya ulimi. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji anayeamua ipi ni ya nani. Wataalamu hao ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi, basi ukimpata mmoja usipoteze nafasi: mwende na anayepika, si mgonjwa peke yake.

Yaliyo ya wote ni haya. Aketi wima kabisa, miguu ikigusa chini. Kijiko kiwe kidogo, cha chai. Ameze, kisha ameze tena bila kuongeza kitu. Asizungumze chakula kikiwa kinywani. Wageni wa Muthetheni wakija kumjulia hali wakati wa chakula, wangoje kidogo nje. Salamu zetu ni ndefu, na mzee atataka kuzijibu zote. Asilale kwa nusu saa baada ya kula.

Kukohoa ni jambo jema, kwani ni mwili unajitetea. Anayetisha ni yule anayepaliwa kimyakimya, bila kukohoa. Dalili zake ni sauti inayokoroma kama mtu mwenye maji kooni baada ya kula, homa zinazokuja na kwenda, pumzi fupi, makohozi mengi. Ukiziona, simamisha chakula cha kinywani na umpeleke hospitalini, kwa maana hiyo huenda ni nimonia.

Taya, mate na meno

Baada ya upasuaji, na hasa baada ya tiba ya mionzi, misuli ya taya hukazika. Kipimo ni rahisi: mtu mzima kwa kawaida huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangwa mmoja juu ya mwingine, katikati ya meno ya juu na ya chini. Akibaki na vidole viwili, taya limeanza kufunga. Mazoezi ya kufungua kinywa mara kadhaa kila siku, na vijiti bapa vya mbao vinavyoongezwa kimoja kimoja kati ya meno, husaidia sana yakianza mapema daktari akishakubali. Yakichelewa, taya halirudi kirahisi, na hapo hata kijiko hakitaingia.

Mionzi pia hukausha mate na kupoteza ladha. Ladha mara nyingi hurudi baada ya miezi. Mate huenda yasirudi yote. Mgonjwa atembee na chupa ya maji, na kila chakula kiwe na mchuzi. Asukutue mara nne hadi sita kwa siku kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu ya soda ya kuokea. Nasema soda ya kuokea, wala si magadi tunayotia kwenye githeri ili iive upesi. Dawa za kusukutua zenye pombe aachane nazo. Utando mweupe unaouma na kufutika kwa kitambaa huenda ukawa ukungu wa kinywa, nao una dawa yake hospitalini.

Jambo la meno halisemwi vya kutosha. Kabla ya mionzi, meno mabovu yang'olewe na vidonda vipone. Baada ya mionzi, usimruhusu mtu yeyote amng'oe jino bila kumwambia kwamba taya lilipigwa mionzi, hata ikiwa imepita miaka kumi. Mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida; tundu la jino linaweza kugeuka kidonda cha mfupa kisichofunga.

Kwa aliyetolewa kaakaa, kuna kizibo maalumu kinachotengenezwa kama meno ya bandia. Kikikaa sawa, siku hiyo hiyo uji huacha kutoka puani na maneno yakaanza kueleweka. Sigmund Freud, yule daktari mashuhuri wa Vienna aliyependa biri, alipasuliwa mwaka wa 1923 na akaishi na kizibo cha namna hiyo hadi alipofariki London mwaka wa 1939, akiwa amepasuliwa zaidi ya mara 30. Alikilalamikia sana, akakiita zimwi, lakini aliendelea kuona wagonjwa na kuandika vitabu. Vya siku hizi ni vyepesi zaidi. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, katika Barabara ya Argwings Kodhek, ni mahali pa kuulizia.

Mezani na watu

Roger Ebert, mwandishi wa filamu wa Chicago, aliondolewa taya la chini mwaka wa 2006 na hakula tena kwa kinywa mpaka alipofariki mwaka wa 2013. Aliandika kwamba alichokikosa hasa hakikuwa chakula, bali kukaa mezani na watu. Nadhani hilo ndilo linalomfanya mzee asukume sahani yake. Anaona aibu kudondosha mate mbele ya wajukuu na wakaza wana, kwa hiyo anasema ameshiba. Basi mara mbili kwa siku ale peke yake, au na mama, akijifunza bila macho ya watu. Lakini jioni aketi na wenzake hata kama hagusi chochote, akiwa na taulo lake dogo begani, na asiulizwe kila mara kama amemeza.

Kuhusu gharama, hakikisha mgonjwa amesajiliwa na kulipia mchango wake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na uliza mapema inalipia nini na kwa kiasi gani, maana mipaka ipo. Anayeishi Muthetheni huanzia Hospitali ya Machakos Level 5. Tiba ya mionzi hupatikana katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na pia katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka wa 2019. Siku ya kliniki mchukue ile karatasi ya uzito, orodha ya alichokula kwa siku tatu, na chupa ya uji anaokunywa nyumbani. Mtaalamu wa lishe akiuona na kuukoroga kwa kijiko, atajua mara moja kama ni mzito mno au ni maji matupu, jambo ambalo wewe ungelieleza kwa dakika ishirini na bado asikuelewe.